Harikeni ya Mzee Makokha

Elphas Makokha alitengeneza meno bandia mjini Kajiado kwa miaka mingi, na katika muda huo hakuna mtu aliyewahi kumsifu. Katika ufundi ule, hiyo ndiyo sifa kubwa kabisa. Jino likisifiwa, limeonekana. Na likionekana, limeharibika. Mtu mwenye kazi ya namna hiyo huishia kuwa mlevi, au mhubiri, au mtengenezaji wa ndege ndogo za vita kwenye meza ya kulia chakula. Elphas hakunywa, na kanisani alikaa karibu na mlango.

Kazi yake aliifanyia katika chumba cha nyuma cha kliniki moja ya kibinafsi, katikati ya magunia ya plasta. Alipanga nyumba Noonkopir, Kitengela, na mkewe Ruth, mwalimu wa shule ya msingi. Wote wawili walikuwa watu wa Bungoma, waliofuata mshahara hadi nyika ya Wamaasai na kukuta kwamba mshahara wenyewe pia uko safarini.

Somo kubwa la kazi alipewa mwaka wa 1989 na mzee mmoja wa Kimaasai kutoka Oltepesi. Elphas alimtengenezea meno ya chini, yote, yamejipanga kama askari wa gwaride. Mzee akayavaa, akajitazama kwenye kioo, akayatoa, akayaweka mezani kwa adabu.

"Hizi ni za mtu mwingine," alisema.

Alikuwa ameng'olewa meno mawili ya katikati ya chini akiwa mtoto, kama wenzake wote, na kwa miaka sitini alikuwa ametema mate na kupigia ng'ombe mbinja kupitia pengo lile. Elphas, aliyefundishwa chuoni Nairobi kwamba pengo ni ugonjwa, alikuwa amemtibu. Ilibidi akate meno mawili mazuri aliyoyatengeneza kwa siku tatu. Tangu siku hiyo hakumaliza kazi yoyote kabla ya kuipanga kwanza kwa nta, kumvisha mwenyewe, kumpa kioo na kumwuliza, "Ni wewe huyu?" Kisha alinyamaza na kungoja jibu. Wagonjwa wengine walichukua nusu saa kujibu. Wengine walilia kidogo. Alingoja.

Kwa kila mtu, isipokuwa baba yake.

Mzee Makokha alipigana Burma. Alirudi na kovu la kiwiko, koti zito lisilofaa Bungoma, na hadithi moja. Mwaka wa 1944, katika bonde la Kabaw, kikosi chao kililala kwenye nyasi kikipigwa risasi kutoka kilimani. Ndege ikatokea chini chini. Watu wote wakaingia mashimoni, kwa sababu ndege za adui zilikuwa na duara jekundu bawani na hakuna aliyetaka kusubiri kulihakikisha. Makokha peke yake akabaki ametazama juu. Akaona duara bila nyekundu. Akasimama, akavua shati, akaipungia. Ndege ikawaona, ikageuka, ikapiga kilima. Watu kumi na tisa walirudi makwao kwa sababu ya shati moja, na shati lenyewe halikurudi.

Hadithi hii aliisimulia miaka thelathini na tatu, hasa kwa bakoki wake, yaani waliotahiriwa naye msimu mmoja. Bakoki wana ruhusa ya kutukanana watakavyo hadi kaburini. Ruhusa hiyo haiwahusu watoto wao.

Mwaka wa 1978, Elphas alikuwa kidato cha pili na alikuwa amegundua maktaba, ugonjwa ambao kwa umri ule huwa mkali. Jioni moja ya likizo alisimama mbele ya baba yake na bakoki watano waliozunguka chungu cha pombe ya busaa, akafungua kitabu, akawaonyesha picha ya rangi ya ndege ya Waingereza. Katikati ya duara la bawani palikuwa na nyekundu, pana kama nyanya. Akasoma maelezo kwa Kiingereza, kisha akayatafsiri, kusudi pasiwe na atakayekosa.

Bakoki walicheka hadi mmoja akamwaga busaa. "Makokha! Kumbe ulipungia Mjapani shati!"

Kuanzia siku hiyo wakamwita Mjapani. Mzee hakumpiga mwanawe wala kumkemea. Hadithi ya ndege hakuisimulia tena, kwa mtu yeyote, na Elphas akakua katika nyumba iliyokuwa na kitu kisichotajwa, akajua nani alikiweka pale.

Mama yake alipofariki mwaka wa 1999, Elphas alimleta Mzee Noonkopir. Mzee alikuwa na miaka sabini na saba na alikaa nje kwenye kiti cha plastiki, akitazama nyumbu wakipita nyuma ya nyumba za kupangisha, akiwadharau kwa kutokuwa ng'ombe. Baba na mwana waliongea kila siku, kuhusu mvua, mahindi na hali ya tumbo.

Mwaka huo huo, dukani kwa Muhumed, Elphas aliona boksi. Muhumed alikuwa mtu wa Garissa, aliyeuza chupa za chai, leso, viatu vya plastiki na kitu kingine chochote kilichoanguka kutoka kwenye kontena la Dubai. Juu ya boksi palichorwa ndege ikitoka mawinguni. Ndani mlikuwa na vipande zaidi ya mia moja vya plastiki ya kijivu: Harikeni, ndege ya kivita ya Waingereza, imepunguzwa mara arobaini na nane.

"Daktari, hii iko na miaka mbili hapa," Muhumed alisema. "Mtoto akifungua, akiona imevunjika hivi, analia. Chukua wewe."

"Haijavunjika. Ni ya kuunganisha. Na mimi si daktari."

"Basi nani anatengeneza meno? Makanika?"

Elphas aliitazama picha ile muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mtu mwenye kazi. Baba yake aliwahi kutaja jina hilo, Harikeni, kabla ya 1978. Hakuna mtu ambaye angeweza kumwambia mzee wa miaka sabini na saba, "Pole kwa yale niliyosema nikiwa na miaka kumi na sita." Kwa Kibukusu maneno hayo yapo, lakini mdomo wa kuyasema ulikuwa haujatengenezwa. Ndege angeweza kuitengeneza.

Ilimchukua miezi mitano ya Jumapili. Vipande alivikata na kisu cha nta, akavisugua na msasa wa maji, akaziba mishono kwa akriliki ya kutengenezea ufizi bandia, ndiyo maana tumbo la ile ndege, kabla ya kupakwa rangi, lilikuwa la waridi kama mdomo wa mtoto. Alipofika kwenye chumba cha rubani aliingia humo na hakutoka hadi Machi. Mikanda ya kiti aliikata kutoka kwenye karatasi ya fedha ya pakiti ya majani ya chai. Saa za mbele ya rubani, kila moja ndogo kuliko mbegu ya wimbi, alizichora kwa brashi ya nywele tatu akitumia miwani ya kukuzia. Mkono wa kulia wa rubani aliuchonga upya kwa sababu ule wa kiwandani ulionekana kama umeshika uji.

"Baba Shirleen," Ruth alimwambia, "huyo mtu wako amekaa vizuri kuliko sisi. Sisi tunakula sahani ikiwa magotini."

"Karibu nimalize."

"Ulisema hivyo Krismasi."

Zilibaki alama, zile stika za kuloweka kwenye maji na kutelezesha juu ya rangi. Boksi lilikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa na maduara kamili: buluu, nyeupe, nyekundu katikati. Ya pili ilikuwa na maduara ya buluu nzito yaliyozunguka rangi hafifu, na katikati hamna kitu. Elphas aliishi Kenya na alijua bidhaa za kontena. Akaichukua ile ya pili hadi dukani.

"Hapa wino nyekundu iliisha wakichapisha," alisema.

Muhumed aliiinua kwenye mwanga wa mlango. Alikuwa ameona redio zisizo na spika na saa zisizo na mishale, hili halikumshtua. "Wallahi ni kweli. Hawa watu hawana haya. Wacha, nitarudisha Isilii kwa mwenye jumla." Akampa kiberiti cha gesi kama fidia, na wote wawili wakaachana wakijiona watu wasiodanganywa ovyo.

Jumapili ya pili ya Aprili 2000, baada ya chakula, Elphas aliiweka Harikeni mbele ya baba yake. Ilikuwa nzuri, hilo lisifichwe. Rangi ya majani na udongo ilikaa juu yake kama imezaliwa nayo. Mzee aliichukua kwa mikono miwili, akaitazama pembeni, kisha akafanya jambo ambalo Elphas hakulitarajia: aliigeuza tumbo juu. Alitazama chini ya mabawa, pale palipokuwa na maduara mawili yenye nyekundu, pana kama nyanya.

"Hii nikiiona naingia shimoni," alisema.

Akairudisha mezani, akachukua fimbo yake, akaenda kukaa nje na nyumbu.

Elphas alibaki amesimama. Miaka ishirini na miwili ilikuwa imepita, na sasa hakuleta picha ya kitabu tu. Alikuwa ametumia miezi mitano kumchongea baba yake tusi lile lile kwa plastiki.

Ruth aliondoa sahani. "Ulimwuliza kwanza?"

"Nimwulize nini? Rangi yote imeandikwa kwa karatasi."

"Wewe huuliza hata mtu wa jino moja," Ruth alisema, na akaenda kuosha vyombo. Alikuwa mwalimu, alijua ni wakati gani wa kuondoka ubaoni.

Karatasi ya maelekezo ilikunjwa mara nyingi kama ramani. Elphas aliifungua yote kwa mara ya kwanza. Mkunjo wa mwisho, ambao hakuwahi kuufikia kwa sababu wa kabla yake ulitosha, ulikuwa na mchoro wa ndege ya pili: Burma, 1944. Chini yake palikuwa na mistari miwili. Ilisema kwamba katika uwanja huo wa vita nyekundu iliondolewa kwenye alama za ndege za Waingereza na wenzao, zisije zikadhaniwa za Wajapani. Tumia karatasi ya pili.

Alisoma mistari ile mara nne. Hakukuwa na neno gumu.

Kesho yake asubuhi alikuwa dukani kabla ya Muhumed kumaliza kufungua mlango.

"Ile karatasi. Ile mbovu. Iko wapi?"

"Nilirudisha Isilii, daktari. Nililalamika sana kwa niaba yako." Muhumed alijivunia. "Wakakubali makosa. Walisema pole."

Kwa hivyo hapakuwa na stika. Elphas alikwangua nyekundu kwa kisu, duara baada ya duara, na buluu na nyeupe zikatoka nayo. Jioni akatoka nje na kiti cha pili, trei ndogo ya rangi na ile ndege ikiwa na madoa matupu mabawani kama mtu aliyenyolewa na mlevi. Akaketi karibu na baba yake.

"Papa, nimekuja kupima."

Mzee hakugeuka. "Si una karatasi? Uliza karatasi."

"Karatasi nimeuliza. Inasema ulisema kweli."

Mzee aliendelea kutazama uwanda. Nyumbu mmoja alikohoa. "Karatasi ya nani?"

"Ya hao wenyewe waliotengeneza."

"Na sasa ndio unaamini." Halikuwa swali. Elphas akafanya kile alichojua kufanya. Alichovya brashi, akapaka tone dogo kwenye kipande cha nta, akakiinua.

"Ya ndani ilikuwa hivi?"

Alinyamaza akangoja, kama alivyongoja wengine. Ilichukua muda. Gari la maji lilipita, vumbi likainuka, likatua.

"Hapana," Mzee alisema. "Hiyo ni nyeupe. Ilikuwa kama maziwa umetia maji."

Elphas alichanganya tena. "Hivi?"

"Hapo umezidisha maji. Hiyo ni maziwa ya mwenye kuuza."

Siku ile walikataa rangi sita. Wiki ile hawakupata. Mzee alitaka aone kwa mwanga wa asubuhi, kwa sababu ndege ilikuja asubuhi. Na alitaka Elphas asimame na kuiinua juu ya kichwa chake, juu, juu zaidi, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyokuja. Majirani waliokuwa wakienda kazini kwenye viwanda vya Athi River walimwona fundi wa meno akiwa amepanda kigoda, amemwinulia babake ndege, na wakaendelea na safari. Kitengela ilikuwa na mambo mengi mapya miaka hiyo.

"Hapa nyuma ya injini ilikuwa nyeusi. Moshi. Mpaka hapa."

"Namna hii?"

"Chafua zaidi. Ilikuwa vita, haikuwa arusi."

"Na juu ya mabawa, papa? Palikuwaje?"

"Juu sijui. Mimi sikuwa ndege."

Elphas aliikumbuka miezi aliyoimaliza ndani ya chumba cha rubani, akaona ni vizuri kutoitaja. Wiki ya tatu alipaka duara la mwisho. Mzee aliitazama kutoka kwenye kiti, kichwa nyuma, mdomo wazi kama mgonjwa.

"Ni huyu?" Elphas aliuliza.

"Ni huyu."

Elphas alishuka kigodani, akidhani kazi imekwisha. Mzee alikuwa bado anaangalia mahali ndege ilipokuwa.

"Ulisema mbele ya watu," alisema.

"Ndiyo, papa."

"Walikuwa watano. Wanne tumezika. Khaoya yuko Nkoroi kwa msichana wake."

Jumamosi iliyofuata walienda Nkoroi, ndege imelala ndani ya boksi la plasta juu ya pamba ya kliniki. Elphas njia nzima alipanga maneno. Alikuwa ameyapata, mafupi, ya heshima, na alijua yatakavyoanza.

Nakhumicha, bintiye Khaoya, aliwafungulia. Babake alikuwa kwenye kochi, sikio moja limekufa, blanketi magotini. Alipomwona Mzee Makokha uso wake wote ulikunjuka.

"Mjapani! Bado hujafa?"

"Nakungoja. Wewe ulipita kwa kisu mbele yangu."

"Na sikutikisika. Wewe ulipepesa."

"Uliona wapi na wewe ulikuwa umefunga macho?"

Wakacheka, wakashikana mikono muda mrefu. Chai ikaja. Elphas alifungua boksi, akaiweka Harikeni mezani, akasimama. Maneno yake yote yalitegemea jambo moja: kwamba Khaoya anakumbuka.

"Papa Khaoya, nimekuja kwa sababu ya lile jambo la ndege. La mwaka wa sabini na nane."

"Ndege gani?"

"Ile picha niliyowaonyesha. Ndiyo mkamwita baba Mjapani."

Khaoya alimgeuzia sikio zima. "Mjapani ni kwa sababu ya redio. Alikuwa na redio ya Kijapani. Sivyo, Makokha?"

Mzee Makokha alikoroga chai ambayo ilikuwa imeshakorogwa. Miaka ishirini na miwili alikuwa amelibeba jina lile kama kovu, na aliyempa alidhani ni la redio. Angeweza kunyamaza, na jambo likaisha hapo, limesahauliwa na mtu wa mwisho aliyeweza kulikumbuka. Alimtazama mwanawe.

"Mwambie," alisema.

Ikawa kwamba ili Elphas aifute aibu ya baba yake ilimbidi kwanza ailete upya. Aliyaacha maneno aliyoyapanga. Alieleza kitabu, picha, nyekundu, jinsi alivyosoma na kutafsiri, jinsi walivyocheka. Alisema kwamba baba yake aliona sawasawa na yeye hakujua kitu. Alionyesha duara. Ilibidi aseme mara mbili kwa sababu ya sikio, na mara ya pili kwa sauti kubwa, hadi Nakhumicha akatoka jikoni na kitambaa mkononi.

Khaoya alikuwa ameacha kutabasamu.

"Ulisema baba yako ni mwongo?"

"Ndiyo."

"Mbele yetu?"

"Ndiyo, papa."

"Na sisi tukacheka."

Khaoya aliichukua ndege, akaigeuza tumbo juu bila kuambiwa, kama mtu ambaye hadithi ile alishawahi kuisikia mara nyingi. Aliweka kidole kwenye duara lililofanana na maziwa yenye maji. "Kijana mkubwa hivi," alisema, na haikujulikana anamwambia nani. "Kumsuta baba yake mbele ya bakoki."

"Alikuwa mtoto wa fomu two," Mzee Makokha alisema. "Walimu ndio walimpa kitabu."

Elphas hakuwa amewahi kumsikia baba yake akimtetea kwa jambo lolote. Akaketi.

"Hata hivyo," Khaoya alisema. Alimgeukia Mzee Makokha. "Sasa nikuite nani?"

"Jina langu unalijua."

"Makokha." Alilijaribu mdomoni kama mtu aliyevaa meno mapya. "Haya, Makokha. Hiyo asubuhi ilikuwaje? Nimesahau. Huyu Nakhumicha hajawahi kusikia."

Mzee Makokha alisogeza kikombe. Alianza polepole, na mwanzoni sauti ilikwama, kama mlango wa chumba kisichoingiwa. Kisha nyasi zikatokea, na risasi, na watu mashimoni. Aliichukua ndege mkononi akaipitisha juu ya kochi la Khaoya, chini chini, na Khaoya akainamisha kichwa. Shati likavuliwa. Ndege ikageuka.

"Na alipopita," Mzee alisema, "yule mzungu akanipungia. Hivi. Mkono wa kulia. Alikuwa na glavu ya kahawia, mshono wake ulikuwa umefumuka hapa kwa kidole gumba."

"Kwa kidole gumba," Khaoya alisema, ameridhika.

Elphas alikuwa ameuchonga mkono ule mwenyewe, chini ya miwani ya kukuzia, na alijua kwamba rubani ameketi ndani kabisa, na kwamba mtu aliye chini ya bawa hawezi kumwona mkono, sembuse mshono. Akamgeukia Nakhumicha na kumwuliza kama kuna chai imebaki.